Tuanze na mlango wa kliniki

Mwandishi wa makala kuhusu mimba za vijana, umeegemea mno hoja kwamba vijana hawajui njia za kuzuia mimba. Hapa Masese, Jinja, Uganda, wengi wanajua. Wametaja kondomu, sindano na kipandikizi kabla hujamaliza swali. Kinachowakwamisha ni kuonekana.

Msichana anayeanika mukene (dagaa) mwaloni akienda kituo cha afya, anakaa benchi moja na jirani wa mama yake. Mhudumu anamuuliza kwa sauti: "Umeolewa?" Hapo anaondoka. Huduma ni ya bure serikalini, lakini aibu ina gharama yake. Akirudi nyumbani anaambiwa sindano itamfanya tasa, na mvulana anayempa hela ya sabuni hataki kondomu.

Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema wasichana 24 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Utafiti wa 2016 ulikuta 25. Miaka sita, tofauti ni kama hakuna! Na katikati yake shule zilifungwa, zote au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022.

Wazazi wenzangu, kumnyima binti maelezo hakumlindi. Na wavulana nao wafundishwe, mimba si ya mtu mmoja.

Ombi langu kwa wakuu wa afya wa Jinja: watengeeni vijana saa zao za jioni, chumba chenye mlango unaofungwa, na mhudumu anayejua kutunza siri.