Daktari wa mjini na deni la mji mdogo

Wiki chache zilizopita alitujia kijana mmoja aliyehitimu masomo ya udaktari. Amepangiwa kazi katika kituo cha afya cha mbali, ambako barabara hukatika wakati wa masika na umeme huja na kuondoka upendavyo. Alitaka ushauri: aende, au avute subira hadi ipatikane nafasi mjini? Kabla hatujafumbua kinywa akacheka, akasema kwamba amejiona mwenyewe katika filamu moja ya Kimarekani iitwayo Doc Hollywood, na akatusihi tuitazame kwanza ndipo tumpe jawabu.

Tuliitazama. Tuseme mapema, asije mtu akadhani kwamba tumeipitisha yote: ndani yake mna utupu na maneno ya ovyo, wala si filamu ya kutazamwa sebuleni pamoja na watoto. Hata hivyo, mzaha nao aghalabu hubeba jambo zito, na jambo hilo ndilo tunalokusudia kulizungumza leo.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1991 chini ya mwongozaji Michael Caton-Jones, na chimbuko lake ni kitabu cha Neil Shulman, ambaye naye alikuwa daktari. Michael J. Fox anaigiza kama Ben Stone, daktari kijana anayeaga chumba cha wagonjwa wa dharura mjini Washington na kushika njia kwa gari lake la Porsche kwenda Beverly Hills, California, akatafute kazi ya kurembesha sura za matajiri kwa upasuaji. Njiani anaingia Grady, mji mdogo wa kubuniwa katika jimbo la South Carolina, na gari lake linavunja ua. Kumbe ua wenyewe ni wa hakimu! Hakimu anamhukumu kuutumikia mji huo kwa saa kadhaa katika zahanati yake, ambayo daktari wake mzee, Hogue, yu karibu kupumzika.

Vichekesho vinaanzia hapo. Yuko mgonjwa anayelalamika kuona madoa mbele ya macho, kumbe miwani yake ni michafu. Wako mke na mume wasiojua kusoma, wanaomletea daktari barua zao awasomee. Na yako malipo ya nguruwe. Huyo sisi tusingempokea hata angeletwa kwa hisani, lakini makusudio tumeyafahamu: mtu hutoa alicho nacho.

Kisha analetwa mtoto aliyegeuka rangi akawa wa samawati. Ben, kwa elimu yake ya hospitali kubwa, anakata shauri kwamba ni moyo, na anaanza kufanya mipango ya kumpeleka kwa mabingwa. Mzee Hogue anaingia, anamtazama mtoto, anampa soda ya Coca-Cola, na mtoto anapata nafuu. Mzee alizijua tabia za mtoto yule: hutafuna tumbaku ya baba yake, na dawa ya tumbo anayokunywa baadaye ndiyo iliyombadilisha rangi. Ben aliyajua maradhi; Hogue alimjua mgonjwa. Lakini filamu haikumdhulumu kijana, kwani baadaye mzee mwenyewe anashikwa na moyo, na elimu mpya ya Ben ndiyo inayomwokoa. Elimu ya chuo na elimu ya kuishi na watu hazishindani. Moja bila ya nyingine ni nusu ya tiba.

Mpaka hapo tuko pamoja na filamu. Tunaachana nayo mwishoni. Ben anafika Beverly Hills, anapata kazi, anachoshwa na maisha ya kujionyesha, kisha anarudi Grady kwa sababu moyo wake umebaki kwa Lou, binti anayeendesha gari la wagonjwa. Watazamaji wanafurahi. Sisi tukajiuliza: je, kama Lou angekuwa ameolewa, watu wa Grady wangefia wapi? Daktari alifikishwa pale na hukumu, akarudishwa na mapenzi. Hukumu ina mwisho wa saa zake, na moyo wa mwanadamu hugeuka. Afya za watu haziwezi kujengwa juu ya nguzo hizo mbili.

Wanazuoni wetu walilifahamu suala hili zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, yaani wakiitekeleza baadhi ya watu wengine husalimika, na ikiachwa na wote wote hupata dhambi. Tena aliwalaumu wasomi wa zama zake waliosongamana katika elimu zenye kuleta vyeo na mijadala, hali miji yao haina tabibu miongoni mwao. Angeyaona magari yanayokimbilia Beverly Hills, asingestaajabu.

Huko Marekani kwenyewe mambo si ya kuchekesha. Karibu mtu mmoja kati ya watano huishi nje ya miji, lakini ni karibu daktari mmoja tu kati ya kumi anayefanya kazi huko. Mwaka 1970 serikali ilianzisha chombo cha kupeleka matabibu katika sehemu zenye upungufu, na hadi leo huwalipia madeni ya masomo wanaokubali kwenda. Mwaka 1994 ikaja sheria nyingine: daktari wa kigeni aliyekwenda kusomea ubingwa, ambaye kwa kawaida hutakiwa kurejea kwao kwa miaka miwili, anaweza kusamehewa akitumikia miaka mitatu katika sehemu hizo. Kwa hiyo kina Grady wengi wa kweli hawatibiwi na Ben. Wanatibiwa na daktari kutoka Pakistani, India, Misri au Nigeria.

Hatumlaumu daktari huyo. Ana wazazi wa kuwatunza na watoto wa kuwasomesha, na wagonjwa anaowatibu ni waja wa Mungu vilevile. Lakini filamu haikutuonyesha mji mdogo alikotoka yeye. Shimo limefukiwa kwa udongo uliochimbwa kwingine, na huko kwingine limebaki shimo ambalo hakuna atakayelitengenezea filamu.

Basi deni hili ni la pande mbili. Watu wa Grady hawakumtaka daktari kwa maneno matupu: walimpa pa kulala, wakamwalika katika sikukuu yao ya maboga, wakamfanya mwenzao. Jamii inayotaka daktari akae haina budi kumwekea nyumba yenye maji na usalama, na mwajiri amlipe kwa wakati na amfungulie njia ya kujiendeleza. Kumtupa kijana porini pasipo dawa wala mshahara, kisha kumhubiria uzalendo, si haki.

Kijana wetu tumemwambia hivi: nenda. Weka nia ya miaka mitatu, si ya maisha. Kwani anayeahidi maisha hukimbia mwezi wa pili. Jifunze majina ya watu kabla ya maradhi yao. Ukiondoka, mwachie mrithi wako daftari lililo wazi.

Akatuuliza kwa adabu, "Na wewe sheikh, kijijini kwenu yuko nani anayesomesha?" Tulinyamaza. Sisi tulitoka kwetu tukiwa wadogo kufuata madrasa, kisha chuo kikuu, na hatukurudi ila kwa maziko na Idi. Chuo tulichoanzia alifu hakina mwalimu wa kudumu hadi leo. Hatukuwa na jawabu la kumpa. Tumempa ahadi: likizo ijayo tutakwenda kusomesha huko, na kila mwaka baada ya hapo, mpaka apatikane wa kukaa. Tumeiandika hapa ili wasomaji watudai.

Wabillahi tawfiq.