Kabla mzee hajatia sahihi, pima udongo

Wewe unayekaa Langas au Huruma na kila Novemba unarudi Moiben kuvuna mahindi, nikuulize: shamba la mzee wako lina kaboni kiasi gani? Hujui. Hata mimi la kwetu silijui. Lakini wanunuzi wa kaboni wapo, na siku watakapobisha hodi, mzee ndiye atakayepewa kalamu.

Hesabu yenyewe ni kama ya M-Pesa: kinachoingia na kinachotoka. Mahindi yanavuta kaboni kutoka hewani. Ukivuna, nyingine inaondoka na magunia. Ukichoma mabua, inapanda na moshi. Vijidudu vya udongoni navyo vinakula masalio na kuipumua, na mvua inabeba udongo wa juu. Kinachobaki ndicho akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoshika maji jua likizidi.

Si ndoto. Januari 2014 wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya, chini ya mradi wa Vi Agroforestry na Benki ya Dunia, walipata vyeti vya tani 24,788 za kaboni dioksidi kutokana na kilimo chao, vya kwanza duniani vya aina hiyo. Lakini udongo haukuchimbwa shamba kwa shamba. Wakulima waliandika mbinu wanazotumia, kisha hesabu za kompyuta zikakadiria.

Makadirio si mabaya. Ubaya ni kuwa na namba za mwenzako pekee. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhini. Sawa, lakini asilimia 40 ya ngapi? Tena tani 1 ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za kaboni dioksidi. Usipojua mkataba unataja ipi, umeliwa.

Utasema maabara ni ghali. Kweli, kwa mtu mmoja. Ila kikundi cha vijana kumi kinaweza kuchanga. Mnachimba hadi sentimita 30 sehemu kadhaa, mnapima uzito wa udongo, mnapeleka sampuli. Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha sayansi ya udongo, hapa hapa kwetu. Mnarudia baada ya miaka kadhaa, maana msimu mmoja hauonyeshi kitu.

Kwa hivyo Novemba hii usiende na gunia tupu tu. Beba pia daftari, na uwaombe wazee wasiwashe mabua.