Vumbi Linaloingia na Baba

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walifariki dunia. Walishikwa na degedege, na chanzo chake kilikuwa madini ya risasi. Wakubwa walisaga mawe ya dhahabu majumbani, na vumbi lake likatanda pale watoto wanapocheza na kula. Mwili wa mtoto hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo ndio uumiao zaidi.

Risasi hiyo hiyo imo ndani ya betri za magari. Kukung'uta nguo mlangoni, kama walivyozoea wengi, hakutoshi: fundi betri aoge na abadili mavazi kabla ya kumpakata mwanawe, na nguo zake za kazi zifuliwe mbali na za familia.