Kurasa za Intaneti na Wasomao kwa Masikio



Wengi wenu siku hizi mmejifunza kutengeneza kurasa za intaneti: huyu atengeneza ya duka la babake, yule ya chuo, na mwingine ya chama cha mtaani. Kazi hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini yawapasa kukumbuka kwamba miongoni mwa watakaozifungua kurasa hizo wamo wasioona, nao husoma kwa masikio au kwa vidole.

Asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini. Programu hiyo haitazami uzuri wa ukurasa, bali hufuata maneno na alama za ndani alizoziandika fundi, ikayatamka kwa sauti au ikayapeleka kwenye chombo chenye nukta za Breli. Picha isiyoandikiwa maelezo huweza kutajwa kuwa ni picha tu. Kitufe kisicho na jina huitwa "kitufe", na msikilizaji hajui kama ni cha kulipa au cha kufuta. Basi hulazimika kumwita mtu mwingine amjazie, na kwa kufanya hivyo humfunulia siri zake: fedha zake, maradhi yake, na nambari zake za siri. Hasara hii si ndogo.

Mwaka 1999, huko Australia, Bwana Bruce Maguire, asiyeona, alishtaki kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney haikumfaa mtu kama yeye, kwani picha zake hazikuwa na maelezo ya kutosha. Wenye tovuti wakatoa hoja kwamba kuirekebisha kungechukua muda mwingi na mali nyingi mno. Tume ya haki za binadamu ya nchi ile haikuikubali hoja hiyo. Mwezi wa Agosti 2000 iliwaamuru wairekebishe kabla ya michezo, na walipokosa kuitimiza amri wakatakiwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Neno jepesi mwanzoni likawa zito mwishoni.

Afanyeje basi fundi kijana? Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na akilalie yeye mwenyewe. Udhuru wa fedha hana, kwani programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, asiyeona pia, hupatikana bure kwa kompyuta za Windows. Simu za iPhone zina VoiceOver, na nyingi za Android zina TalkBack.

Kwanza, aweke kipanya kando na kukifunika kioo kwa kitambaa.

Pili, abonyeze kitufe cha Tab tangu mwanzo wa ukurasa hata mwisho wake. Je, kila kiungo na kila kitufe chafikiwa? Je, vyafuatana kwa utaratibu? Je, hapana mahali anaponaswa asiweze kutoka?

Tatu, abonyeze herufi H, ambayo katika NVDA humpeleka toka kichwa kimoja cha habari hata kingine. Ikiwa vichwa vyake ni maandishi yaliyokuzwa tu, pasipo alama ya ndani, ataambiwa kwamba hapana kichwa.

Nne, ajaze fomu kwa makosa ya makusudi. Je, ataambiwa kosa liko wapi? Au kosa laonyeshwa kwa rangi nyekundu peke yake, ambayo sikio haliijui?

Zipo programu zikaguazo kurasa zenyewe, nazo zafaa kwa kuanzia, ila zisiachiwe hukumu. Zaweza kuona kwamba picha imepewa maelezo, na huku maelezo yenyewe hayamfai mtu.

Tena, fundi mwenye macho, hata akikifunika kioo, bado aukumbuka ukurasa wake ulivyo, na kumbukumbu hiyo humwongoza pale ambapo mgeni angepotea. Kwa hiyo jaribio lake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwomba asiyeona aujaribu, kunyamaza anapoujaribu, kuandika kila alipokwama, na kumlipa ujira wake. Kwani katika jambo hili yeye ndiye mjuzi, na fundi ndiye mwanafunzi.