Funguo Tatu za Sanduku

Vikundi vya kuweka na kukopa vilienea katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la CARE, lililouanzisha mtindo huo Niger mwaka 1991. CARE ilipomaliza kazi yake, vikundi havikufa. Viliongezeka, vikilelewa na JOCDO, asasi ya wenyeji wenyewe.

Wengi waliolelewa Mji Mkongwe wanaujua zaidi upatu. Upatu humzoesha mtu kutoa kwa wakati, lakini zamu ikipita hana akiba wala pa kukopa. Kikundi cha kuweka na kukopa, kinachoendeshwa kwa hisa, kinamfaa zaidi anayeanza. Wanachama, kwa kawaida 15 hadi 30, hukutana kila wiki, na kila mmoja hununua hisa moja hadi tano kwa kadiri ya uwezo wake. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Baada ya mwaka hivi, fedha zote hugawanywa kwa hisa na mzunguko huanza upya.

Nguvu ya mpango huu iko kwenye sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo zake huwekwa na watu watatu tofauti. Anayelala na sanduku hana hata ufunguo mmoja. Hisa hugongewa muhuri katika kijitabu cha mwanachama mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na baki hutajwa ili kila mtu aikumbuke hadi mkutano ujao. Hata asiyejua kusoma anaweza kukagua.

Mfuko wa akiba wa jumuiya yetu nao una funguo tatu: saini ya mweka hazina na za watia saini wengine wawili. Pendekezo la kumwachia mweka hazina idhini ya kutoa fedha za mfuko huo peke yake linazitupa funguo mbili kati ya tatu. Uaminifu wake hauna shaka, wala si hoja hapa. Imeelezwa kwamba watia saini wengine wawili hawapatikani. Basi wabadilishwe wao, saini zibaki tatu.

Kabla ya mkutano mkuu, kila mwanachama alinganishe kijitabu chake na daftari la mweka hazina, na kila tawi lipeleke kwa katibu majina mawili ya watia saini walio tayari kufika. Mwanachama mpya aanze na hisa moja, ailipe siku anayopokea mshahara, kabla ya matumizi mengine.