RAM: pande mbili zilitia mkono, sisi tulilipa

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wamama mnaobaki na hesabu ya nyumba,

Kila siasa ikipata moto, mabishano ya RAM yanarudi. Wenye kupenda FCC wanasema ile kodi ya simu ilikuwa ya CACH, maana waziri alikuwa wao. Wenye kupenda CACH wanajibu: hapana, dekre ilitoka kwa waziri wa kwanza wa FCC. Sisi wa sendika tunaona kila upande unasema nusu ya kweli.

Tukumbuke. Tangu 2019 nchi iliongozwa na muungano wa Joseph Kabila na Félix Tshisekedi. Mwezi wa 3, 2020, waziri wa kwanza Ilunga Ilunkamba, mtu wa FCC, alitia sahihi dekre. Waziri wa posta na telekomu, Augustin Kibassa, mtu wa CACH, aliitumikisha na kuitetea. Mwezi wa 9 inite zetu zikaanza kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G. Mkubwa wa kampuni na mchimbaji wa mkono, wote bei moja! Mwezi wa 12 muungano ukavunjika. Kodi haikuvunjika. Tuliibeba mpaka 2022.

Namna gani kila mmoja anaweza kusema "si mimi"? Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Lakini RAM iliitwa malipo ya utumishi, ikapita kwa dekre, feza ikaelekea ARPTC. Basi hakuna depite aliyelazimika kuinua mkono mbele ya watu. Wakubwa walipatana kwa kimya. Sasa wanagombana kwa sauti.

Na ugomvi huo umeingia kwetu. Sendika iko na memba wa vyama vyote. Asubuhi kwenye basi la kazi wanatukanana juu ya RAM, na mambo ya mshahara na buti za kazi yanabaki nyuma. Patron anaona, anacheka tu.

Tuache kutafuta chama cha kulaumu, tudai hesabu: feza ngapi ilikatwa, iliingia wapi, ilifanya nini? Ni ulizo lile lile la redevansi ya migodi. Kodi ya 2018 ya migodi inapatia provinsi 25% na ETD 15%. Hapo pia tukiuliza shule iko wapi, kila mukubwa anaonyesha mwenzake kidole.

Depite akija kuomba kura, tusimuulize ni wa upande gani. Tumuulize alisema nini wakati inite zetu zilikatwa, na kama kodi ingine ikija kwa dekre, atanyamaza tena? Mwenye kadi ya chama hiki na mwenye kadi ya kile, ulizo hilo tunaweza kulibeba pamoja.