Katazo la Kufuga Wanyama Mitaani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati, Jericho na Kayole, si ajabu kumwona mtoto amemkumbatia sungura kama dada amchukuavyo mdogo wake. Sungura huyo hula majani ya sukuma wiki yaliyoachwa sokoni. Hawiki alfajiri, wala hamtishi mpita njia. Walakini wako watu waheshimiwa wasemao kuwa heri ufugaji wote upigwe marufuku mitaani, wa sungura, kuku, njiwa na mbwa pia. Neno hilo nalipinga, nami nawaomba vijana wasomaji wapime hoja zangu kabla ya kuzikubali.

Kwanza, katazo si jambo geni. Kaloleni na Ziwani ilijengwa katika miaka ya 1940 kuwa makao ya wafanyakazi Waafrika. Wenyeji wake walitoka vijijini, ambako kuku na mbuzi ni sehemu ya jamaa. Waliojenga walimfikiria mfanyakazi na kitanda chake. Hawakumfikiria kuku wake. Kwa miaka mingi baadaye ufugaji mjini ulihesabiwa kuwa kero, na mfugaji aliishi akichungulia asije askari wa baraza. Je, wanyama walikwisha? Hawakwisha. Walihamia jikoni na chini ya vitanda, mahali pabaya kwao na pabaya zaidi kwa watu.

Pili, yasemwa kuwa wanyama huleta maradhi. Ni kweli, na haifai kukana. Kichaa cha mbwa humwua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha kumtokea. Lakini kinga yake yajulikana: Shirika la Afya Duniani lafundisha kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuku nao wana chanjo ya kideri. Sasa nauliza: ni nani atakayempeleka hadharani kuchanjwa mnyama ambaye kuwa naye ni kosa? Katazo halimwondoi mnyama nyumbani. Humwondoa machoni pa daktari. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata miji mikubwa ya ng'ambo imeonja jambo hili. Mwaka 1999 jiji la New York lilikataza kufuga fereti, mnyama mdogo mwembamba wa jamii ya kicheche. Mwaka 2015 baraza la afya la jiji hilo lilijadili kuliondoa katazo, lakini kura hazikutosha. Watu hawakuacha kuwafuga, walijifunza kuwaficha.

Mwaka uo huo wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilichagua njia iliyo bora. Ilitunga sheria ya kilimo cha mjini, inayoruhusu ufugaji kwa leseni, na sheria nyingine ya kuwadhibiti na kuwatunza mbwa. Leseni humfanya mfugaji ajulikane, na ajulikanaye huweza kufundishwa, kukaguliwa, na akikosa, kuadhibiwa. Watakao turudi nyuma hawana budi kutuonyesha ni faida gani iliyopatikana zamani kwa kufukuzana na kuku.

Sisemi kuwa kila mtu afuge apendavyo. Jirani ana haki ya kulala usingizi na kuvuta hewa safi. Banda na lifagiliwe kila siku, idadi ya wanyama ilingane na nafasi, na chanjo isikosekane. Asiyetimiza hayo ashitakiwe yeye, si mtaa mzima. Kosa la mwenye banda chafu haliwi kosa la mwenye banda safi.

Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Yai moja ni kitu kidogo mezani pa tajiri. Kwa mtoto wa chumba kimoja ni kitoweo cha siku.

Mtoto amlishaye sungura kabla ya kwenda shuleni hujifunza huruma, usafi na kushika wakati. Tumfundishe kumtunza mnyama wake vizuri mbele ya macho ya watu. Tukimkataza, tutamfundisha jambo moja tu: kuficha.